Gari la mtumba la kukimbilia uwanjani: lipi ununue ukiwa Tabora

Tukubaliane mapema: gari ninalolizungumzia hapa ni la kukimbia ndani ya eneo lililofungwa, si la kufukuzana barabara ya Nzega. Barabara ile ina watoto wa shule, baiskeli zilizobeba mkaa na ng'ombe wanaovuka muda wowote. Ukitaka kukanyaga mafuta hadi mwisho, tafuta kiwanja chenye ruhusa ya mwenyewe, panga koni, vaa helmeti, au safiri kwenye mashindano yanayosimamiwa na chama cha magari, AAT. Tabora hatuna njia ya lami ya mashindano, kwa hiyo gari lako litakimbia zaidi kwenye changarawe, na siku nyingine zote litakupeleka kazini. Hilo peke yake linabadilisha orodha yote.

Halafu kuna mwinuko. Tabora ipo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Farasi 210 wa kwenye karatasi wakifika hapa wanabaki kama 190. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, ndiyo maana wengi hukimbilia Subaru. Siwashauri waanze huko, na sababu nitaitoa.

Kuhusu kuagiza Japani: magari yote ya orodha hii, kwa bei ya mtu wa kawaida, yana zaidi ya miaka 10. Maana yake utalipa tozo ya uchakavu juu ya ushuru wa kawaida. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, weka aina ya gari na mwaka, uone mwenyewe kabla hujamtumia mtu hela. Kwa magari haya, mara nyingi kununua lililokwisha kusajiliwa nchini ndiko kunakolipa, hata kama ni la usajili wa zamani, namba C au D.

Na usiimalize bajeti yote kwenye gari. Robo yake ibaki mfukoni kwa ajili ya tairi, breki na mafuta ya breki. Nasisitiza mafuta ya breki kwa sababu ndiyo yanayopuuzwa kuliko yote. Yanavuta unyevu kutoka hewani, na yakishavuta, kiwango chake cha kuchemka kinashuka. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, DOT 4 kwenye 230. Ukizunguka uwanjani kwa nguvu na mafuta yaliyokaa miaka minne, yatachemka, pedali itazama hadi chini na gari halitasimama. Weka DOT 4 mpya kabla ya siku yako ya kwanza.

1. Toyota Vitz RS, gia za mkono

Najua wengine watashangaa. Lakini kwa mtu anayeanza, anayeishi Tabora, sioni gari linaloishinda. Injini ni 1NZ-FE ya CC 1496, ileile iliyomo kwenye Probox na kwenye IST za 1.5. Hakuna fundi mjini hapa asiyeijua. Plagi, koili, pampu ya maji, bushi, vyote unavipata bila kupiga simu Dar. Inatumia cheni ya taimingi, si mkanda, na gari zima lina uzito wa karibu tani moja, kwa hiyo breki na tairi hazichoki haraka.

Farasi wake ni kama 110 tu. Hiyo ni faida. Gari lenye nguvu ndogo linakulazimisha ujifunze kuingia kona vizuri, kuachia breki polepole, kutunza mwendo. Mwenye gari la nguvu nyingi huficha makosa yake kwa kukanyaga mafuta baada ya kona. Ukiliweza Vitz RS kwenye koni, gari lolote utakalopanda baadaye utaliendesha vizuri zaidi.

Angalia liwe RS kweli na liwe na gia za mkono, kwa maana Vitz nyingi za mtaani ni za CC 1000 au 1300 za otomatiki.

2. Toyota Altezza RS200

Hili ndilo gari ninalolipenda kuliko yote hapa, na lingekuwa la kwanza kama spea zake zingekuwa karibu. Lilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, linasukuma kwa tairi za nyuma, na uzito umegawanywa vizuri mbele na nyuma. Usukani unakwambia tairi zinafanya nini. RS200 yenye gia sita za mkono ina injini ya 3S-GE ya farasi 210.

Tatizo ni kwamba Altezza nyingi zinazouzwa si hizo. Ni AS200, yenye injini ya 1G-FE ya silinda sita na farasi 160, na nyingi ni za otomatiki. Ni gari zuri la safari, ila uwanjani ni zito na halina haraka. Madalali hubandika nembo ya RS nyuma, kwa hiyo usisome nembo. Fungua boneti, tafuta bati la chesisi, soma herufi za mwanzo: SXE10 ni RS200, GXE10 ni AS200. Bati likiwa limekwanguliwa au limepakwa rangi, aga uondoke.

Ukishajua ni SXE10, anza ukaguzi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha weka mkono kwenye boneti. Likiwa la moto, ameficha jinsi linavyowaka asubuhi. Liwashe, mtu asimame nyuma atazame bomba la moshi. Liendeshe hadi lipate joto, panda gia ya tatu, achia mafuta kwenye mteremko, kisha kanyaga tena: moshi wa bluu hapo ni injini inayokula oili. Shuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili kwa haraka kidogo. Ikikwaruza, giaboksi imechoka, na giaboksi hiyo ni ghali.

Kisha nenda mahali penye changarawe, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole duara dogo. Tairi za nyuma zikirukaruka na kukwangua ardhi, inawezekana difu (inayogawa nguvu kwa tairi za kushoto na kulia) imechomelewa ili gari liteleze kwenye maonyesho. Gari la namna hiyo limetumika vibaya, na mkazo wote wa difu iliyochomelewa umeishia kwenye ekseli. Mwisho inua zulia la buti utazame mabati ya chini. Welding isiyolingana upande wa kulia na wa kushoto maana yake lilipigwa nyuma.

Mkanda wa taimingi ukiwa hauna rekodi, hesabu kwamba unaubadilisha wiki ya kwanza. Spea za 3S-GE utaagiza Kariakoo, Gerezani, na basi litakuletea. Ukiweza kuvumilia kusubiri huko, nunua.

3. Corolla RunX Z

RunX zimejaa, lakini ya kukimbilia ni moja: Z yenye injini ya 2ZZ-GE ya CC 1795, farasi 190, gia sita. Chesisi yake inaanza na ZZE123. Injini hii ina tabia mbili: chini ya mizunguko 6,000 hivi ni Corolla ya kawaida, juu ya hapo kemshafti inabadili mfumo na gari linaruka. Kwenye majaribio hakikisha badiliko hilo lipo. Lisipotokea, mara nyingi ni oili chache au boliti za ndani zilizokatika. Inabana mafuta kwa nguvu sana kwenye silinda, kwa hiyo petroli duni itaifanya igonge. Bodi, shokapu na vitu vingi vya chini ni vya Corolla, na hilo linasaidia sana huku.

4. Subaru Impreza WRX

Kwenye changarawe, hakuna cha kuligusa. Tairi nne zinasukuma, turbo inashinda mwinuko wetu, na WRX ya Japani ya miaka ya 2000 ina farasi wapatao 250. Chesisi ni GDA, au GDB kwa STI. Tundu la boneti si ushahidi, watu huweka la bandia.

Nimeliweka la nne kwa ajili ya matumizi. Oili ikipungua kidogo, beringi za kranki zinaondoka na injini nzima nayo. Plagi zimekaa ubavuni, fundi asiyeizoea atatumia nusu siku. Tairi zote nne lazima zifanane kwa ukubwa na uchakavu, la sivyo difu ya kati inaumia. Ikipasuka moja, unaweza kulazimika kununua nne. Mwenye mfuko wa kulihudumia atafurahi sana. Mwenye kujibana atalipaki nje ya gereji.

5. Mazda Roadster

Kwa lami ni gari tamu kupita yote haya, jepesi na la tairi za nyuma. Lakini lipo chini mno kwa barabara za kuingia mitaani kwetu, na spea ni shida. Ukihamia Dar, lifikirie tena.

Mark X sijaiweka. Ina uzito wa kama tani moja na nusu, na zinazofika huku ni za otomatiki. Breki zitapata moto kabla hujamaliza mizunguko michache.

Lolote utakalochagua, soma tairi kabla ya kujadili bei. Pembeni kuna maandishi yanayoanza na DOT, na mwisho wake ni tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zilizopita miaka sita usizikimbilie hata kama meno yapo, na gharama ya seti mpya itoe kwenye bei. Kagua pia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari, linganisha jina la kwenye kadi na kitambulisho cha anayekuuzia, na hela ya mwisho itoke mkononi mwako siku mnayosaini kubadilisha umiliki.