Bingwa wa Derby ndani ya kabati la kioo: ziara ya makumbusho ya Tring

Anayetaka kuona kwa macho miaka ya mwanzo ya Derby, mashindano makubwa ya mbwa wa mbio ya Uingereza, hana tena uwanja wa kwenda, kwa kuwa White City ya London, uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1908 na kuandaa Derby ya kwanza mwaka 1927, ulifungwa mwaka 1984 na kubomolewa. Ninachopendekeza ni Makumbusho ya Historia Asilia ya Tring, Hertfordshire, yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 1892 na Walter Rothschild, bwana yule aliyewahi kuwafunga punda milia kwenye gari lake na kuliendesha jijini. Kiingilio ni bure.

Humo, miongoni mwa mbwa wa kufugwa waliokaushwa na kuhifadhiwa baada ya kufa, yumo Mick the Miller, bingwa wa Derby mara mbili. Nilitarajia mnyama wa kutisha. Nikakuta mbwa mwembamba mwenye manyoya ya michirizi, kiuno kimebonyea, kifua kimeshuka hadi usawa wa viwiko, na mapaja yamejaa kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili wake. Ukimzunguka taratibu unaelewa kasi yake inatoka wapi.

Hata hivyo, haya ni makumbusho ya viumbe, si ya michezo, hivyo ni vyema mgeni aende akiwa na habari zake. Bingwa wa kwanza, Entry Badge, alikimbia yadi 500 tu. Kuanzia mwaka 1928 umbali uliongezwa hadi yadi 525. Mwaka uliofuata Mick aliletwa kutoka Ireland, akiwa mali ya padri Martin Brophy, na katika raundi ya mchujo akatumia sekunde 29.82, akawa mbwa wa kwanza kukimbia umbali huo chini ya sekunde 30. Padri hakukawia kumuuza: mpokea dau mmoja wa London alimlipa gini 800, yaani pauni 840. Fainali yenyewe ilikimbiwa mara mbili, kwa sababu mbwa waligongana na mbio alizotangulia mbwa aitwaye Palatinus zikafutwa. Katika marudio Mick hakuacha shaka yoyote. Alishinda tena mwaka 1930.

Lililonifanya nisimame mbele ya kioo kwa muda mrefu ni fainali ya 1931. Mick, aliyekwisha kuzeeka kwa umri wa mbwa wa mbio, alikata mstari wa kwanza huku uwanja ukilipuka kwa shangwe, kisha ikaamuliwa mbio zirudiwe kwa kuwa mbwa aitwaye Ryland R alikuwa amemwingilia mwenzake. Miguu ile iliyochoka ikarudishwa kwenye vizimba vya kuanzia. Seldom Led akashinda, Mick akawa wa nne. Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa halali kwa kanuni, lakini ulikuwa mzito mno kwa mnyama asiyejua kwa nini anakimbizwa tena.

Treni kutoka stesheni ya Euston, London, huchukua takribani dakika 40. Kituo cha Tring kiko kilomita tatu hivi kutoka mjini, kwa hiyo mwenye watoto wadogo au magoti mabovu na apange usafiri mapema. Wapenzi wa ndege na wadudu watahitaji siku nzima. Aliyemfuata Mick peke yake atatosheka kwa saa moja.