Majenerali Wamegeuzwa Shaba: Huduma ya Tafsiri na Uchapaji Jijini Mwanza

Nilipeleka wasifu wa marehemu baba mdogo, askari mstaafu wa JWTZ aliyepigana Vita vya Kagera, kwenye duka moja la steshenari katikati ya jiji linalotangaza tafsiri na uchapaji, kwa kuwa binamu yangu aliuandika kwa Kiingereza nasi tulitaka wazee wetu wa Ukerewe wausome kwa Kiswahili siku ya kumbukumbu. Uchapaji wao sina neno nao: karatasi ni nzito, picha zimetoka safi, na vijitabu 60 niliviwahisha kwenye meli ya Nansio.

Tafsiri ndiyo iliyoniumiza. Katika nakala ya kuhakiki, ukurasa wa 3, nilisoma kwamba marehemu aliagwa kikosini mbele ya "shaba ya juu". Ni "top brass" iliyotafsiriwa neno kwa neno: Waingereza huwaita hivyo maofisa wakubwa wa jeshi kwa sababu ya mapambo yanayong'aa kwenye kofia na sare zao, lakini Mswahili akisikia shaba atafikiria waya. Sisi tunasema viongozi wa juu wa jeshi, au majenerali kama vyeo vyao ni kuanzia Brigedia Jenerali, Meja Jenerali na Luteni Jenerali hadi Jenerali mwenyewe. Hata "makamanda" lisingetosha, maana kamanda huweza kuwa wa kikosi kimoja tu, na polisi nao wanao makamanda wa mikoa.

Kosa zito zaidi lilikuwa kumwita Mwalimu Nyerere "Mkuu wa Majeshi". Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 33, inamtaja Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ni mwanajeshi anayeteuliwa na Rais huyo, na wakati wa vita ile alikuwa Abdallah Twalipo. Wazee waliovaa sare mwaka 1979 wangelisoma kosa hilo kwenye kumbukumbu ya mwenzao, na lingewakera kwa haki.

Kijana wa kaunta alinisikiliza kwa adabu, akaandika "Amiri Jeshi Mkuu" kwa penseli pembeni mwa mstari, akarekebisha kurasa zote bila kunidai nyongeza. Kazi ya kuchapa nitawapelekea tena. Mwenye andiko linalotaja vyeo vya jeshi aombe nakala ya kuhakiki, kisha ampe mstaafu mmoja aisome kabla ya kuruhusu mashine iwashwe.