Boti ya "wapiga picha" Naivasha: muulizeni nahodha kwanza kama atazima injini

Nimekasirika, na sitaficha. Nililipia boti nzima, tena kwa bei ya juu kuliko boti za watalii wa kawaida, kwa sababu tangazo lilidai manahodha wao wanaijua kazi ya wapiga picha. Huyu niliyepewa hakuijua, na hakutaka kuambiwa.

Kosa lake kubwa ni injini. Injini ya boti ikiwaka, hata kama boti haisongi, mtikisiko unapita kwenye sakafu, kwenye viti na kwenye ukingo unaoegemeza kiwiko. Ukisimamisha mguu wa kamera sakafuni ndiyo unaharibu zaidi, kwa kuwa unaupandisha mtikisiko moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Furukombe (tai mla samaki) anayeruka ukimpiga picha kwa kasi ya shata ya sekunde 1/2500 huenda usione dosari. Lakini alfajiri mwanga bado ni mdogo. Mdiria (ndege mdogo mla samaki) aliyetulia juu ya funjo unampiga kwa 1/320, na hapo jicho linatoka na ukungu katika kila picha.

Nilimwomba azime. Akasema kuna viboko. Sawa, hiyo ni sababu ya kweli: Naivasha viboko wameua watu, na karibu nao injini lazima iwe tayari. Ila pale tulipokuwa, chini ya migunga iliyokufa baada ya ziwa kupanda, hapakuwa na kiboko hata mmoja, na walipoonekana mbele ni yeye aliyewasogelea mpaka wote wakazama. Nilipouliza tena akanijibu, "Bosi, wengine wanapiga kwa simu na wanafurahi. Wewe shida yako nini?"

Shida yangu ni hii. Kumrushia furukombe samaki ili ashuke apigwe picha kuna utaratibu. Asubuhi boti ikae mashariki ya mti aliotua furukombe, jua liwe mgongoni mwa mpiga picha. Upepo nao ukitokea nyuma yako ni bora zaidi, kwani ndege hushuka akiukabili, na utamwona uso badala ya mkia. Samaki aangukie mita 25 hadi 30 kutoka kwenye boti. Furukombe akikunjua mabawa anafika mita 2 au zaidi. Kwa lenzi ya milimita 400 kwenye kamera ya fremu kamili, umbali wa mita 10 unaona upana usiofika hata mita 1. Nahodha wetu aliiweka boti magharibi, akapiga mluzi, akamtupa samaki karibu kabisa na ubavu wa boti. Nikapata kivuli cheusi kilichokatwa mabawa. Samaki wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu alizama, kwa sababu hakumtia kipande cha bua la funjo ndani ili aelee.

(Mkienda na nahodha mwenye akili: fokasi ya kufuata bila kuachia, 1/2500 au zaidi, na mwanga ushushwe theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga kwenye kamera). Mafunjo yaliyo nyuma ni meusi. Kamera ikiyafuata, kichwa cheupe cha ndege kinaungua na manyoya hayasomeki tena. Rudini kabla ya adhuhuri, maana alasiri upepo huchafua ziwa.)

Nilitaka kutoa nyota tatu, kwa haki. Macho yake ni makali mno: alimwona mdiria ndani ya mafunjo mahali ambapo mimi niliona majani tu, na mnandi waliokuwa wakianika mabawa alituzungusha kwao polepole bila kuwashtua. Ziwa analijua. Angefundishwa mambo mawili tu, jua na injini, ningempendekeza kwa kila mtu.

Lakini kisha simu yake ikalia, na hapo hapo akazima injini ili asikie vizuri. Boti ikatulia kabisa. Mdiria akaja kuelea hewani karibu nasi, na picha zote kali nilizonazo za asubuhi ile ni za dakika hizo alizokuwa akiongea. Kumbe kuzima kuliwezekana! Alipomaliza kuongea, akaiwasha tena.

Nyota moja. Nimewaandikia wenye kampuni nikidai nusu ya pesa, na hadi leo kimya.