Tarantula wa India au wa Mombasa: umfuge yupi?

Swali hili halishi barazani: umchukue tarantula, yaani buibui mkubwa mwenye manyoya, wa samawati wa India, Poecilotheria metallica, au huyu wetu wa dhahabu, Pterinochilus murinus, ambaye wafugaji wa ng'ambo humwita kwa jina la Mombasa?

Kwa uzuri, wa India hana mpinzani. Lakini kwao ni jimbo la Andhra Pradesh, msitu wake unakatwa, na tangu 2019 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Bila karatasi halali usimnunue, hata ukipewa bei ya kutupa. Kumnunua hivyo ni kumaliza viumbe wachache waliobaki.

Matunzo: wa India hutaka chombo kirefu chenye gome la kujificha, unyevu na hewa. Wetu anatosheka na udongo mkavu wa kuchimba, na joto letu amelizoea. Chakula ni kimoja, nyenje na mende.

Sumu? Wote huuma kwa maumivu makali na misuli kukakamaa. Kwa hasira, wetu ni mkali zaidi. Wa India hukimbia kwanza, kwa kasi ya kutisha. Usimshike yeyote.

Ukiwa mtu wa safari, wetu atakuvumilia. Mwenye uzoefu, pesa na vibali anaweza kumfikiria wa India. Nyumba ina watoto wadogo? Subiri kwanza. Na kwa yeyote kati yao, anzia ofisi ya KWS, Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya.