Imani au Matendo: Paulo, Yakobo na Abrahamu Mmoja

Paulo anasema mtu huhesabiwa haki, yaani hukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, kwa imani, pasipo matendo ya sheria (Warumi 3:28). Yakobo anasema ni kwa matendo, wala si kwa imani peke yake (Yakobo 2:24). Na shahidi wa wote wawili ni Abrahamu! Ila Paulo anamkuta katika Mwanzo 15, alipoiamini ahadi kabla hajatahiriwa. Yakobo anamfuata hadi Mwanzo 22, alipomweka mwanawe Isaka juu ya madhabahu. Paulo anampinga anayejisifia sheria. Yakobo anamkemea anayemuaga mwenye njaa kwa maneno matamu bila kumpa chakula.

Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa huko Ujerumani, alishikilia imani pekee. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1547, ukafundisha kwamba neema hutangulia na mtu hushirikiana nayo. Mwaka 1999 Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki huko Augsburg, Ujerumani.

Mimi naegemea kwa Paulo, kwa sababu ya yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu: mikono imefungwa, maisha yamekwisha, na bado akaahidiwa kuingia peponi. Lakini Paulo huyohuyo, katika Waefeso 2:10, anasema tuliumbwa katika Kristo tutende mema.