Hamamu ya Istanbul au ya Bursa?

Katika hamamu (bafu la umma) ya Çemberlitaş mjini Istanbul, iliyojengwa mwaka 1584 kwa ramani ya msanifu majengo Mimar Sinan, mgeni hulazwa juu ya jiwe pana la marumaru lenye joto, kisha mhudumu humsugua kwa mfuko wa kitambaa cha kukwaruza uitwao kese, hadi nongo zijiviringe kama nyuzi, ndipo amfunike kwa povu la sabuni. Huko Bursa, mji mwingine wa Uturuki, mtaani Çekirge, maji hutoka ardhini yakiwa moto tayari. Mimi ningechagua huko, kwani Çemberlitaş watalii ni wengi. Kwa chakula, Istanbul ina mkate uliotiwa samaki wa kuchoma pale mtaani Eminönü, ilhali Bursa ndiyo asili ya iskender: nyama iliyokatwa nyembamba juu ya mkate, pamoja na mchuzi wa nyanya, mtindi, na siagi ya moto inayomiminwa mezani.