Karume kwa mpenda rangi: juu mtumba, chini doti

Soko la Karume, pale Ilala jirani na uwanja wa mpira wenye jina hilohilo, linasifika kwa jinzi na raba. Sifa hiyo ni ya haki, ila inawapoteza wanaotafuta kitu kingine. Kwa mtu anayetaka kuvaa rangi kila siku, maua juu ya mistari, kitenge na drafti, mali ya kufuata Karume ni mashati ya kiume ya pamba, blauzi za vidoti na magauni ya maua madogomadogo. Vitu hivi madukani Kariakoo ni adimu, na vikipatikana mara nyingi ni poliesta inayokutokesha jasho kabla hujashuka kwenye daladala.

Hukumu yetu tunaitoa mapema: nguo za juu nunua Karume, za chini kashone. Sketi za mtumba ni sehemu dhaifu kabisa ya soko hili. Nyingi zimetoka nchi za baridi, ni nzito, zina bitana ya nailoni ndani, na lastiki yake imeshakufa. Anayezunguka kwa muda wa saa tatu kutafuta sketi ya rangi mle ndani angekuwa ameshafika Mtaa wa Uhuru, amenunua doti ya kanga, na fundi ameshampima.

Soko lenyewe lina ngazi mbili. Kuna nguo zilizomwagwa chini kwenye turubai, muuzaji kasimama katikati anaimba "buku, buku", na kuna nguo za kwenye henga, zilizochaguliwa na kupigwa pasi, ambazo bei yake inaanza kupanda kadiri unavyoonyesha kuzipenda. Zote zimetoka kwenye belo za aina moja, kwa kawaida za kilo 45. Tofauti ni kwamba za kwenye henga mtu ameshakufanyia kazi ya kuchambua, na unamlipa kwa hilo. Kwa mashati na blauzi hatuoni sababu ya kulipa. Kwa magauni, lipa, kwa sababu gauni lina mambo mengi ya kukagua na kwenye rundo hakuna nafasi ya kulikagua.

Wanaoijua Karume ya kabla ya moto wa Januari 2022 wasiende kwa kukariri meza ya fulani. Uliza upya. Swali la kuuliza ni "mzigo unafunguliwa lini?" Anayeuza blauzi za kike tupu ana siku yake ya kufungua belo, na asubuhi ya siku hiyo ndiyo inayofaa kuamkia. Jioni bei hushuka, lakini wakati huo vidoti na mistari vimeshaondoka, yamebaki mafulana ya maandishi ya mashindano ya mbio za mwaka juzi.

Sasa kukagua. Shika kitambaa kabla hujatazama rangi. Pamba inajikunja ukiifinya kiganjani na mikunjo inabaki. Poliesta inarudi kama ilivyokuwa. Viskosi ni laini, nzito kidogo, inateleza na kuning'inia vizuri, nayo inafaa sana kwa joto la Dar, ila ina tabia ya kuruka urefu ikifuliwa kwa maji ya moto. Ukiwa na shaka na lebo imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, ukauchome nyumbani: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Kwa kitambaa cha kitenge jaribio hili ni la lazima zaidi, maana vitenge vya poliesta siku hizi vimechapwa vizuri mno.

Ukishakubali kitambaa, fuata mpangilio huuhuu kila mara ili usisahau: kola kwa ndani, makwapa, mbele ya tumbo, pindo la chini, halafu vifungo na zipu. Kola ikiwa na mstari wa njano, inatoka kwa sabuni ya kipande na mswaki. Makwapa yaliyokauka na kuwa magumu hayatoki, acha. Kifungo kimoja kikikosekana siyo kasoro, tazama ndani ya mshono wa ubavu, mashati mengi ya Ulaya yana kifungo cha akiba kimeshonewa pale. Lastiki ivute taratibu karibu na sikio: ikitoa sauti ya kukatikakatika, ndani imekwisha, na kuibadilisha ni kazi ya fundi. Mwisho inua nguo juani. Matundu madogo ya nondo huyaoni mpaka mwanga upite.

Na hapo kwenye mwanga ndipo watu wengi wanapopotea. Maturubai mengi ya kivuli ni ya bluu, na chini yake kila rangi inasema uongo. Nyeupe inaonekana mpya kuliko ilivyo, njano inaelekea kijani, na nyekundu ya damu ya mzee inaonekana zambarau. Usilinganishe rangi chini ya turubai. Mwombe muuzaji utoke nayo hatua tatu, hakuna atakayekukatalia ukimwachia pesa mkononi. Beba pia kipande cha kitenge au kanga unayotaka kuivalia, sentimita 5 kwa 5 tu, kilichokatwa pembezoni na kubanwa kwa pini kwenye pochi. Kumbukumbu ya rangi kichwani haitoshi. Ukienda na kumbukumbu utarudi na kijani cha mgomba wakati pindo lako ni kijani cha zeituni.

Vyumba vya kujaribia hakuna. Vaa fulana ya kubana na sketi pana ili uweze kuvaa nguo juu ya nguo, au fanya vizuri zaidi, beba tepu ya fundi. Pima nguo yako moja inayokukaa: kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, urefu wa mgongo. Andika namba hizo tatu. Lebo zisikusumbue, kwani 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani, na nguo za Korea na China mabega yake ni madogo kuliko namba inavyosema. Nguo kubwa inaweza kupunguzwa ubavuni, lakini siyo bila mpaka: zaidi ya sentimita 4 kila upande, tundu la mkono linaanza kuvuta na ua la kitambaa linakatika vibaya kwenye mshono. Mabega usiyaguse. Kushusha bega ni kufumua mkono mzima, na malipo ya fundi yatapita bei ya shati.

Nguo za ndani za mtumba zimepigwa marufuku nchini, ingawa utaziona. Pita.

Turudi kwenye chini. Doti ya kanga ni vipande viwili, kila kimoja takriban sentimita 150 kwa 110. Ukiviunga kwa pande fupi unapata mzunguko wa karibu sentimita 300. Kwa nyonga ya sentimita 100 hiyo ni mara tatu, na kanga kwa wepesi wake inakubali kukusanywa hivyo kwenye lastiki bila kukufanya uonekane pipa. Mapindo mawili yanakutana ubavuni na kufanya mstari mpana wima kila upande, jambo linalorefusha mtu. Urefu ukizidi, mwambie fundi akate juu, kiunoni. Wengi hukata chini kwa mazoea, pindo la chini linaondoka, na sketi inabaki kama shuka. Jina, yaani maandishi ya kanga, likae nyuma au mbele, ni hiari yako, ila lisome kwanza. Sketi yenye kijembe kwa jirani haiendi kikaoni.

Kitenge kina hesabu nyingine. Waksi, yaani kitenge kilichochapwa kwa nta, ni nzito, mara mbili ya nyonga inatosha, hivyo yadi 2 na robo zinakupa mzunguko wa sentimita 200 na ushei. Kigeuze upande wa pili kabla ya kulipa: waksi halisi rangi ni ileile pande zote, chapa ya kawaida nyuma imepauka. Chapa ya kawaida siyo dhambi kwa nguo ya kila siku, mradi ni pamba na bei inaendana. Kisha kikunjue chote uone ndege, samaki au feni zimeelekea wapi, maana fundi mwenye haraka atakata kwa namna ya kubana kitambaa na ndege wako watatembea kichwa chini. Kanga na kitenge, vyote viloweke na kuanika kabla ya kushona. Vikishonwa na gamu yake, sketi itarudi nyuma kidogo kwenye ufuo wa kwanza wakati lastiki na uzi havirudi, na mshono utajikunyata.

Kuchanganya maua sasa. Kanuni inayofanya kazi ni rangi moja ya pamoja na ukubwa tofauti. Kitenge chenye duara kubwa la njano na bluu kinataka juu yake kitu cha bluu ileile kilichochapwa kidogokidogo: vidoti vya ukubwa wa dengu, au mistari ya nusu sentimita. Maua makubwa juu na maua makubwa chini yanagombana hata kama rangi ni moja, kwa sababu jicho halijui litue wapi. Mistari ndiyo rafiki wa wote. Shati la kiume la mistari ya bluu na nyeupe, lililokunjwa mikono na kuchomekewa mbele tu, linakaa na karibu kanga yoyote yenye nyeupe ndani yake, na hili ndilo tungemwambia anayeanza alinunue kwanza. Drafti ni ngumu zaidi, inahitaji kitenge chenye umbo la kujipinda, majani au mizunguko. Drafti na kitenge cha miraba ni kitambaa cha meza.

Blauzi ya mistari mipana isikae juu ya kitenge chenye jani kubwa, na chui chui tunaishauri kwa kipimo cha mtandio au mkanda, isizidi hapo. Kuna watakaobisha. Chui chui ya mtumba ya miaka ya nyuma ina rangi ya asali, inalala vizuri na kanga ya nyekundu na nyeusi, lakini ya sasa imewekwa kijivu na inakufa karibu na rangi zetu.

Ukiona umeshafika chapa tatu, weka kitu kimoja cha rangi tupu kati ya juu na chini. Mkanda wa nguo wa sentimita 5, wa rangi iliyo ndogo kuliko zote kwenye sketi, unatosha. Rangi ndogo, siyo kubwa: kwenye kanga ya chungwa yenye vitone vya kijani, mkanda uwe kijani.

Kwa wanaume mambo ni mafupi. Shati la maua la mikono mifupi, kadeti ya rangi ya mchanga au bluu nzito, basi. Anayetaka kwenda mbali ashonewe mfuko wa kifuani wa kitenge kwenye shati la mistari, sentimita 12 kwa 13, au abadilishiwe sehemu ya ndani ya kola. Kazi ndogo, inaonekana sana.

Kufua ni mahali pengine pa hasara. Mtumba mpya uliotoka sokoni loweka peke yake usiku kucha kwa maji baridi, sabuni ya unga na nusu kikombe cha siki kwenye ndoo ya lita 10. Harufu ya belo inaisha kwa raundi moja au mbili. Jiki usiiguse kwenye nguo ya rangi. Kanga mpya, hasa nyekundu na nyeusi, ijaribu kwanza: kandamiza kitambaa cheupe kilicholowa kwenye pindo kwa dakika moja. Kikichukua rangi, ifue peke yake mpaka maji yawe meupe. Ule ushauri wa kuloweka na chumvi ili kufunga rangi hausaidii nguo iliyokwisha kuchapwa kiwandani, unapoteza chumvi tu. Anika kivulini, ndani nje, la sivyo jua la Januari litaipausha blauzi mabegani, na hiyo bluu uliyoilinganisha kwa taabu haitalingana tena.

Kuhusu bei, kwenye turubai usibishane na buku, bishana na idadi: chukua tano uombe ya sita. Kwenye henga, ukitajiwa 15,000 anzia 7,000 na uwe tayari kuondoka, maana mara nyingi utaitwa kabla hujafika meza ya tatu. Onyesha kasoro uliyoiona, mshono uliofumuka au kifungo, badala ya kusema tu ni ghali. Beba noti ndogo. Simu iwe mbele, mfukoni mwa ndani, kwa sababu msongamano wa Jumamosi una wenyewe. Na usinunue kitu ambacho bado hujajua kitavaliwa na doti ipi.

Za kupunguza mpelekee fundi Jumatatu au Jumanne. Kuanzia Alhamisi cherehani zote zina sare za harusi, na shati lako la mistari litakaa msumarini mpaka wiki nyingine.